Upungufu wa Kapteni Mmoja

Kambi ya Ujenzi wa Daraja,
2 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na goti lako, maana najua mara nyingi hamwendi pamoja. Mimi sijambo. Kazi ya kreni inakwenda vizuri sana. Kutoka kule juu naona mto wote, kambi yote na upara wa msimamizi wetu. Simu tunaziacha getini, na hata tungekuwa nazo mtandao hakuna, kwa hiyo kila kitu kinakuja na lori la mahitaji, ambalo hupita kila baada ya wiki mbili likiamka salama. Nimesikia Mama anakitaka chumba changu aweke cherehani zake. Sina kinyongo, chumba ni chake.

Ila ndani ya chumba hicho, Mjomba, kuna sanamu zangu za mashujaa. Nilianza kuzikusanya nikiwa na miaka kumi na moja, sasa zimefika 188, na Mama amesema zikimaliza mwezi pale atazigawa kwa watoto wa wateja wake. Nimemwomba azilete kwako kwa pikapu. Umetunza stoo miaka thelathini na moja, sina mikono mingine ninayoiamini. Orodha nimeiandika kwa mkono, iko kwenye sanduku la kwanza. Kuna sanamu ndogo za kushika, kuna kubwa za kusimama mezani, na kuna za kichwa na kifua.

Ombi langu ni moja tu. Sanamu 61 bado ziko ndani ya maboksi ya kiwandani, hazijafunguliwa tangu zitengenezwe. Kwa sisi wakusanyaji, boksi likifunguliwa ni msiba. Tafadhali sana, usifungue hata moja.

Na usidhani nimebaki mtoto. Huku sikuja na sanamu hata moja. Mtu mzima hawezi kupanda kreni na midoli mfukoni.

Mpwa wako.


Kumb. Na. ST/MPWA/01
19 Februari

Kwa Mpwa wangu,

YAH: KUPOKELEWA KWA WATU 187 BADALA YA 188

Marahaba. Mimi ni mzima, goti linakusalimu. Mama yako ameng'olewa meno mawili, na anasema aliyemng'oa ana mikono ya kufungulia soda. Anakusalimu kupitia mimi, kwa sababu kwa sasa akisema haeleweki. Jirani yangu, yule nesi mstaafu, naye anakusalimu na anauliza kama unakula mboga za majani.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Pikapu ilifika tarehe 9. Barua yako ya kunikataza kufungua maboksi ilifika tarehe 17. Naomba uzitazame vizuri tarehe hizo mbili kabla hujakasirika.

Mtunza stoo hasaini boksi lililofungwa. Anasaini alichokiona kwa macho. Kwa hiyo nilifungua maboksi yote 61 kwa wembe mpya, kwa uangalifu mkubwa, nikamtoa kila mtu, nikamhesabu na kumpima uzito. Maboksi matupu nikampa mama yako, anayatumia kukazia kola. Kila mtu nimempa namba ya stoo kwa rangi nyeupe ya mafuta chini ya nyayo, na nakuhakikishia haifutiki. Wasio na nyayo nimewaandika kisogoni.

Hilo linanileta kwenye jambo la pili. Watu 14 wamefika nusu. Wana kichwa na kifua, basi, chini hakuna kitu. Nilidhani miguu imefungwa kando, nikaitafuta kwenye maranda ya kufungashia siku mbili nzima, mimi na nesi, tukapata kipande cha upanga na karanga moja. Nimewaandika "pungufu tangu kupokelewa". Eleza miguu yao iko wapi.

Tatu, hukunitaarifu kwamba kati yao kuna wahalifu. Nimesoma maelezo ya kwenye maboksi, nikawapata 22, akiwemo huyu Daktari Kutu ambaye inasemekana aliozesha reli za nchi nzima kwa kupumua. Wote nimewafungia kwenye kabati la chuma. Wenye silaha nao nimewatenga, maana silaha hazikai rafu moja na vifaa vya kawaida. Tumebishana kidogo na nesi kuhusu namba 12, Malkia wa Nyaya, kama huo umeme unaomtoka vidoleni ni silaha au ni maradhi. Kwa sasa tumemweka karibu na dirisha.

La kwanza nimeliacha la mwisho kwa sababu linaniuma. Orodha yako ina mistari 188, watu ni 187. Anayekosekana ni mstari wa 43: Kapteni Kimbunga, toleo la kwanza, sentimita kumi na moja, koti la bluu, mkono wa kulia juu. Nimehesabu mara sita. Toa maelezo.

Naomba kuwasilisha.

Mjomba wako,
Mtunza Stoo


Kambini,
14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya meno. Mwambie nesi mboga nakula, ni kabichi, na kesho yake ni kabichi tena.

Barua yako niliisoma nimekaa, halafu nikairudia nimelala, kwa sababu kukaa kulinishinda. Wembe. Rangi ya mafuta. Kisogoni. Mjomba, kuna mkusanyaji mwenzangu amenisumbua miaka minane nimwoneshe Bi Mwangwi ndani ya boksi lake, mara moja tu, kwa mbali, na sasa boksi lile liko shingoni mwa mteja wa Mama. Nilizunguka kambi mpaka mpishi akaniuliza nani amefariki. Najua hukukusudia, na tarehe nimezitazama. Lakini imeniuma, nimesema, na yaishe.

Kuhusu miguu: hawana, na hawajawahi kuwa nayo. Ndivyo walivyotengenezwa, kichwa na kifua, mtu anaweka juu ya meza anatazama. Tafadhali usiwaandike pungufu, wako kamili.

Kuhusu Kapteni Kimbunga, nadhani nilikosea kuandika. Au alidondoka kwenye pikapu. Au ni panya. Hilo si jambo, Mjomba, mfute tu kwenye orodha tuendelee. Sanamu moja kati ya 188 haiwezi kumnyima mtu usingizi.

Huku kazi inakwenda vizuri sana. Upepo upo kiasi. Msimamizi ananisifu kwamba sina woga. Anasema ndivyo ulivyoandika kwenye fomu ya kunidhamini, na alipoona mwandiko wako hakuhangaika hata kunijaribu.

Mpwa wako.


Kumb. Na. ST/MPWA/02
2 Aprili

Kwa Mpwa wangu,

YAH: OMBI LA KUMFUTA KAPTENI (LIMEKATALIWA)

Marahaba. Mama yako sasa anaongea tena, na anafidia siku alizonyamaza. Goti lipo. Pole kwa maboksi. Sikujua kwamba na boksi lenyewe ni kitu. Nilijaribu kuyaomba makola yarudi, mama yako akaniuliza kama nina akili timamu.

Sasa hilo la "mfute tu". Kitu hakifutwi kwa mdomo, kinafutwa na kamati ya watu watatu. Nimeiunda. Mimi ni mwenyekiti, nesi ni katibu, mama yako ni mjumbe. Tumekaa kikao cha kwanza tarehe 28, saa tatu mfululizo. Tulianza na Ngumi Tatu, ambaye ngumi ya tatu imeng'oka begani. Nesi alipinga kufutwa kwake, akamfunga bendeji na sasa amelazwa kwenye kasha la viatu pamoja na wengine watano wenye viungo vilivyolegea. Nesi amewaandikia kadi za kitandani. Mama yako alitoa hoja kwamba wote wagawiwe watoto, hoja ikaingizwa kwenye kumbukumbu na kukataliwa kura mbili kwa moja. Kuhusu Kapteni, kamati imeamua kwamba haiwezi kumfuta mtu ambaye haijauona mwili wake.

Nikueleze pia utaratibu wa funguo. Stoo huwa na funguo mbili na watu wawili, mmoja peke yake hafungui. Ufunguo wa pili nimempa nesi. Kila siku saa kumi kamili anakuja, tunafungua, tunahesabu kuanzia rafu ya juu, anakunywa chai na kwenda kwake. Kabla ya hapo, saa kumi kwangu ilikuwa ni ya kungojea saa kumi na moja. Naandika hili kwa sababu uliomba habari za nyumbani.

Umesema sanamu moja haiwezi kumnyima mtu usingizi. Wakati naacha kazi wewe ulikuwa shuleni, labda hukuambiwa. Niliachishwa kwa upungufu wa kitu kimoja. Mkubwa wangu alikuwa na haraka, akaniambia nisaini boksi kama lilivyo, nikasaini. Lilipofunguliwa lilikuwa na matofali. Miaka thelathini na moja, halafu kitu kimoja, na siku ya kuondoka hakuna aliyenipa mkono. Sitaandika zaidi ya hapo.

Nakuomba unijibu swali moja kwa ndiyo au hapana. Una uhakika ulimweka Kapteni ndani ya sanduku?

Mjomba wako,
Mtunza Stoo


Kambini,
6 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu, lori liliharibika. Mpe Mama na nesi salamu, na huyo Ngumi Tatu apone haraka.

Nina habari njema. Nimepewa chumba changu mwenyewe hapa kambini, chenye rafu ukuta mzima. Aliyekuwa akikitumia alikuwa fundi wa rangi, kila rafu ina rangi yake. Nilipoziona nilifikiria sanamu zangu papo hapo. Naomba unifungie zote, lori la mwisho wa mwezi huu lizichukue. Hata na namba zao za nyayo nazipenda hivyohivyo, nimeshakubali.

Juu ya kreni kuna upepo mwingi kuliko nilivyozoea. Lakini kazi inakwenda vizuri sana.

Kuhusu swali lako, jibu ni ndiyo, kwa kadiri ninavyokumbuka.

Mpwa wako.


Kumb. Na. ST/MPWA/03
28 Mei

Kwa Mpwa wangu,

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI KWA MTUNZA STOO

Marahaba. Mama yako ni mzima.

Kama jibu lako ni ndiyo, basi Kapteni aliingia ndani ya nyumba hii. Na kama aliingia na hayumo, ametoweka mikononi mwangu au mikononi mwa mwenye ufunguo wa pili. Nilianza na mimi. Nilijipekua mifuko yote, hata ya koti la msiba ambalo sijalivaa miaka minne. Nikapasua mito ya kochi, nikachuja tangi la maji kwa chandarua, nikamwondoa kila mhalifu kabatini na kumtazama nyuma. Nikamwandikia mwenye pikapu, akajibu kwamba pikapu yake ina tundu moja tu na ni dogo kuliko Kapteni. Alinichorea.

Kisha nikamwomba nesi afungue mkoba wake. Nilimwomba kwa adabu, kwa maandishi, na nakala kwenye faili. Alisoma ile karatasi, akavua miwani, akaivaa tena, akafungua. Ndani kulikuwa na kitambaa, kipimajoto na biskuti mbili kwenye karatasi. Moja ilikuwa ya kwake na ya pili ilikuwa ya kwangu, ya chai ya saa kumi. Aliweka ufunguo juu ya meza akaondoka. Leo ni siku ya kumi na moja. Akipita nje anaitikia salamu za mti wa uani kwetu kuliko zangu.

Kwa utaratibu, mtunza stoo mwenye upungufu hukaa kando uchunguzi ukiendelea. Nimejisimamisha kazi kuanzia tarehe 20. Nilijiandikia barua ya kujieleza ndani ya siku saba, nikajibu siku ya tano, na kusema kweli majibu yangu hayakuniridhisha. Nilitumia maneno "kwa kadiri ninavyokumbuka", ambayo katika kazi hii ni maneno ya mtu anayeficha.

Stoo nimeifunga kwa lakiri, ile nta ya muhuri. Kwa hiyo lori lilipokuja nililirudisha tupu. Mwenye mamlaka ya kufungua ni mimi, na mimi nimesimamishwa.

Mjomba wako


30 Juni

Mpwa wangu,

Lori limepita mara mbili bila barua yako. Nimemuuliza dereva kama wewe ni mzima, akasema alikuona kwa mbali, juu, umekaa.

Barua hii haina kumbukumbu namba kwa sababu sina kazi. Mama yako anakuja kila Jumapili kunipikia, anatazama ile lakiri mlangoni na kutingisha kichwa. Amesema nikamwombe nesi radhi. Nimemwambia nitamwomba radhi kwa lipi, wakati sijui kama nilimkosea au nilifanya kazi yangu? Ndipo nilipo, mpwa wangu. Nikimsafisha yeye, mwizi ni mimi. Na mimi nimeshawahi kuitwa hivyo mara moja.

Ukiwa na neno, liseme.

Mjomba


Kambini,
21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za watu, utanisamehe. Hii ni barua ya nne kuiandika, tatu nimezichana.

Kapteni Kimbunga ninaye mimi. Yuko huku tangu siku ya kwanza. Nilimtoa kwenye sanduku kabla sijalifunga nikamtia mfuko wa shati, na mstari wake kwenye orodha nikausahau kuufuta. Hapana, sikuusahau. Niliuacha makusudi, ili Mama akisoma asijue nimeondoka naye.

Naogopa urefu, Mjomba. Kreni yangu ina mita sitini na mbili na ngazi yake iko nje, ya chuma, unaona hewa kati ya miguu yako. Siku ya kwanza nilifika mita kumi nikaikumbatia ile ngazi dakika arobaini. Walioko chini waliniuliza kuna nini, nikasema nakagua boliti, wakanisifu kwa umakini. Ndipo nikamtoa Kapteni mfukoni, nikamshika koti lake kwa meno, nikapanda mpaka juu nikiwa nimemkodolea macho yeye tu. Sasa nimembandika kwa selotepu kwenye kioo cha kibanda. Ule mkono wake uko juu siku zote, na nikiutazama mkono sitazami chini. Naongea naye. Meno ya Mama anayajua, goti lako analijua, na kuhusu nesi amekuwa akinishauri niseme ukweli tangu Juni.

Sasa kwa nini sikusema. Kwenye ile fomu ya udhamini uliandika kwamba mimi siogopi kitu. Umeishi maisha yako yote bila kusaini usichokihakiki, ukateleza mara moja, ikakugharimu kazi. Halafu ukanisaini mimi nikiwa nimefungwa. Nikisema naogopa, basi umesaini boksi la matofali mara ya pili, na safari hii matofali ni mimi. Niliona bora uhangaike na Kapteni kuliko ujue hilo. Sikujua kwamba utafika kwenye mkoba wa nesi. Niliposoma habari ya ile biskuti nilikaa kibandani sikushuka kula.

Hapa chini nimeandika maelezo kwa utaratibu. Yaweke kwenye faili.

"Mimi, dereva wa kreni, nathibitisha kwamba Kapteni Kimbunga, mstari wa 43, hakuwahi kuingia kwenye stoo ya Mjomba wangu. Upungufu haukutokana na mtunza stoo. Mtunza stoo alihesabu sawasawa kila mara alipohesabu. Nesi hahusiki kwa namna yoyote. Mwenye kosa ni mimi, na nilidanganya kwa maandishi tarehe 2 Februari, 14 Machi na 6 Mei."

Wameshuhudia na kusaini mpishi na msimamizi wangu. Ilibidi niwaeleze kila kitu, na nilijua nikimaliza kueleza nitafungasha vitu vyangu. Msimamizi alisaini, akafunga mlango, akaniuliza kama nina mwingine wa ziada, kwa sababu hata yeye ile ngazi ameipanda mara moja tu na aliipanda macho yamefumbwa.

Sanamu zibaki kwako. Rafu zangu nitaanikia soksi. Naomba msamaha wako, na wa nesi kama ataupokea.

Mpwa wako.


Kumb. Na. ST/MPWA/04
12 Agosti

Kwa Mpwa wangu,

YAH: KAPTENI KUPATIKANA

Marahaba. Mimi ni mzima, mama yako ni mzima, na anasema ukija atakuchapa, umri wako usikudanganye.

Kamati imekaa kwa dharura, wajumbe wawili. Imeamua kwamba Kapteni si upungufu, ni kifaa kilichotolewa bila fomu. Fomu nimekujazia, iko ndani ya bahasha hii, saini na uirudishe. Kwenye "kusudi la matumizi" nimeandika: kupanda. Kwenye "tarehe ya kurudisha" sijaandika kitu. Msimamizi wako nimemtumia namba 71, Mlinzi wa Mabomba, kwa lori hilihili. Ni mzito kidogo, asijaribu kumshika kwa meno.

Kuhusu kukusaini ukiwa umefungwa, hapo umekosea. Nilikuhakiki. Ulikuwa na miaka sita, ukapanda juu ya paa langu kumfuata paka aliyekwama, na ulilia njia nzima ya kupanda na njia nzima ya kushuka, na paka ulikuja naye. Ile fomu ilikuwa imeandikwa "Je, ni mwoga?" na nafasi ya neno moja. Nikaandika hapana. Hata leo ningeandika hivyo.

Maelezo yako niliyasoma mara nne. Miaka tisa nimengoja karatasi inayosema kwamba upungufu haukutokana na mtunza stoo. Nilidhani ingekuja na muhuri, kutoka kwa wakubwa. Imetoka kwa mtu anayezungumza na Kapteni, ikashuhudiwa na mpishi, na haihusu jambo lenyewe. Lakini maneno ni yaleyale niliyokuwa nayangoja, na nililia, Mpwa wangu. Nilikaa kwenye kochi lililopasuka nikalia mpaka mama yako akazima jiko aje kuona kuna nini.

Kisha nikanyoa ndevu, nikaenda na karatasi yako mpaka getini kwa nesi. Hakufungua. Nikamsomea nikiwa nje, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, majirani wawili wakasimama kusikiliza. Nilipomaliza akasema, "Hayo ni ya mpwa wako. Ya kwako yako wapi?"

Ya kwangu sikuwa nimeyaandika. Sikuwa hata na kalamu. Nikamwambia kwa mdomo kwamba nilimkosea, kwamba niliona heri awe yeye kuliko kuwa mimi tena, na kwamba tangu aondoke sijui la kufanya na mchana. Hilo la mwisho sikulipanga.

Akasema hakunisikia vizuri kwa sababu ya kelele za mvua, nije kesho niseme tena.

Hapa kwetu mvua haijanyesha tangu Mei. Kesho nitakwenda. Kama kelele zitakuwa bado zipo, nitakwenda na keshokutwa.

Mjomba wako